Minofu ya Sangara: Safari ya Ndege Inayoanzia Mwaloni

Kila unapozuka mjadala wa kuuza samaki wa Ziwa Victoria huko Ulaya, maneno huishia kwenye ndege: ni ya nani, inabeba tani ngapi, itatua Mwanza lini. Juni 2023 Air Tanzania ilipopokea Boeing 767-300F ya mizigo, yenye uwezo wa kubeba tani 54, matumaini ya wauza samaki na mboga yalieleweka. Lakini ukiufuatilia mnofu wa sangara hatua kwa hatua, utaona kwamba ndege ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Ndege haimpozi samaki. Inampokea alivyo, na ikijitahidi sana inamfikisha alivyo. Ubaridi wake huwa umeshatengenezwa, au umeshaharibiwa, saa nyingi kabla.

Ubaridi huo una hesabu yake. Maji ya ziwa yana joto la nyuzi 25 hivi, na samaki anayetolewa humo ana joto hilohilo mpaka kwenye mfupa. Ili ashuke hadi karibu na nyuzi 0, kila kilo moja ya samaki inahitaji takriban robo kilo ya barafu iyeyuke yote. Hapo hujahesabu jua linaloichoma boti, hewa inayoingia kila kifuniko kinapofunguliwa, wala muda wa kusubiri mzani. Ndiyo maana kanuni inayofundishwa katika nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Barafu inayotosha kufunika tabaka la juu pekee huwaacha samaki wa chini na joto lao.

Kuchelewa nako kuna gharama. Samaki aliyekaa kwenye nyuzi 5 huharibika kwa kasi inayokaribia mara mbili ya yule wa nyuzi 0; kwenye nyuzi 10 ni mara tatu hadi nne. Na ukimpoza baadaye, unapunguza kasi ya uharibifu unaokuja tu. Uliokwisha kutokea unabaki palepale. Hapa hata namna ya kuvua ina uzito wake. Sangara wa ndoano mara nyingi hutolewa majini akiwa hai. Wa nyavu zilizotegwa jioni huenda alinasa mapema, akafa, akakaa kwenye maji ya vuguvugu hadi alfajiri. Wote wawili huingia kwenye boti ileile ya kukusanyia samaki kutoka Ukerewe na mialo mingine ya mbali, na kwa macho si rahisi kuwatofautisha. Barafu ya kwanza ndiyo inayoamua watafika wapi.

Kiwandani kazi ni ya kasi na usafi. Sangara anayeruhusiwa ni wa kuanzia sentimita 50. Hupimwa joto, hukaguliwa macho na matamvua, hukatwa minofu na kuchunwa ngozi. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, hushika njia yake kwenda Asia, ambako bei yake kwa kilo huizidi mbali ile ya minofu, na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki, huenda kwa wakaangaji wa mjini. Haki ya mkazi wa Mwanza kwa samaki wa ziwa lake ni mjadala mzito, na filamu ya Darwin's Nightmare ya 2004 iliuchochea kwa namna iliyowaudhi Watanzania wengi. Siuingii hapa, ila anayekokotoa faida ya minofu na kuyasahau mapanki hajamaliza hesabu.

Sasa kufungasha, ambako makosa mengi huzaliwa. Maji yanayovuja kutoka kwenye samaki yanaweza kula bodi ya ndege, kwa hiyo mashirika ya ndege hayapokei boksi linalovuja. Barafu nyingi ya kiwandani haiwezi kusafiri pamoja na mnofu. Nafasi yake huchukuliwa na pakiti ndogo za jeli iliyogandishwa. Maana yake mnofu lazima uingie ndani ya boksi ukiwa tayari karibu na nyuzi 0. Boksi jeupe la povu hufanya kazi ya chupa ya chai: hutunza kilichowekwa ndani, haliwezi kukibadilisha. Mnofu ukiingia na nyuzi 6, utasafiri na nyuzi 6 au zaidi.

Kwa nini basi boksi lisifanywe nene zaidi? Kwa sababu ya nauli. Shirika la ndege hulinganisha uzito na ujazo, kisha hutoza kilicho kikubwa, na kipimo cha kawaida ni sentimita za ujazo 6,000 kwa kila kilo. Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 15 lina ujazo wa 36,000, yaani kilo 6. Liongeze unene mpaka kimo kifike sentimita 20, na hesabu inakuwa kilo 8, ingawa samaki hawajaongezeka hata mmoja. Msafirishaji anayejua kazi yake hainunui salama kwa unene wa povu. Anainunua kwa kupoza vizuri kabla ya kufunga.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini minofu iliyogandishwa hupitia baharini. Ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hudumu miezi, hivyo hakuna sababu ya kulipia saa chache za angani. Barafu kavu, yenye nyuzi 78 chini ya sifuri, ingeweza kuilinda ndani ya ndege, lakini hugeuka kuwa gesi ya kaboni dioksidi inayoweza kuiondoa hewa ya kupumua. Kwa hiyo huhesabiwa kuwa shehena ya hatari: uzito wake uandikwe kwenye boksi, boksi liwe na upenyo wa gesi, na kiasi chake ndani ya ndege kina mipaka. Kontena la jokofu kupitia Dar es Salaam au Mombasa ni jibu bora.

Minofu mibichi ya Mwanza, kwa miaka mingi, sehemu yake kubwa imepanda malori ya baridi kupitia Sirari hadi Nairobi. Wengine huona hii kama aibu. Mimi naiona kama hesabu. Nairobi ina ndege nyingi kwa sababu ya maua, mboga na watalii, na chini ya miguu ya abiria kuna nafasi ya mizigo. Ndege inayokuja Mwanza tupu humlazimisha samaki kulipia safari mbili. Anayetaka ndege ya mizigo idumu Mwanza lazima kwanza atafute shehena ya kuijaza inapokuja.

Pale uwanjani kuna hatari nyingine: paleti kuachwa juani ikisubiri ndege iliyochelewa. Kifaa kidogo cha kurekodi joto kikiwekwa ndani ya boksi, mara nyingi huonyesha mstari uliotulia angani na kupanda wakati wa kupakia na kushusha.

Halafu kuna karatasi. Mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya na Uganda kwa hofu ya kipindupindu, na 1999 ukazuia tena kwa sababu ya taarifa za uvuvi wa sumu. Viwanda vilisimama na watu wakakosa kazi. Kilichorudisha soko ni ukaguzi, mialo iliyoboreshwa na vipimo vya maabara. Maabara ya Nyegezi, jijini Mwanza, hadi leo ni nguzo ya biashara hii. Cheti cha afya chenye namba moja iliyokosewa huusimamisha mzigo mpakani, na wakati wote huo jeli inaendelea kuyeyuka.

Halmashauri za Kanda ya Ziwa hukusanya ushuru wa samaki mialoni. Ombi langu kwao ni kwamba mashine ya barafu na maji safi ya kuitengenezea viwe matumizi ya kwanza ya fedha hiyo, na mvuvi aweze kuinunua barafu hiyo jioni, kabla hajasukuma mtumbwi.