Mpenzi wa Mchezo Mbele ya Mwigizaji Wake

Wahakiki wa sanaa za maonyesho wamezoea kuchambua mambo mawili: mchezo wenyewe na waigizaji wake. Wa tatu, yaani mtazamaji, mara nyingi huachwa nje ya mlango. Katika makala haya tunakusudia kumwingiza ndani. Tutaitazama mikutano ya wapenzi, au washabiki, wa michezo ya televisheni. Desturi hii ilikomaa Marekani, kisha ikaenea katika nchi nyingi. Watu hulipa kiingilio, husafiri masafa marefu na hupanga foleni ndefu ili wasimame dakika chache mbele ya mwigizaji wanayempenda. Swali letu ni hili: mpenzi huyo huenda kukutana na nani, na hurudi nyumbani na nini?

Tuchukue mfano wa Star Trek, mchezo uliobuniwa na Gene Roddenberry na kuonyeshwa Marekani tangu mwaka 1966 hadi 1969, kwa vipindi 79. Mchezo huo husimulia safari za chombo cha anga kiitwacho Enterprise, ambacho mabaharia wake ni watu wa mataifa mbalimbali. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunayo sababu ya pekee ya kuuangalia. Afisa wa mawasiliano wa chombo hicho, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, anaitwa Uhura, na jina hilo lilitokana na neno letu 'uhuru'.

Yafaa ieleweke kwamba mikutano ya mchezo huu haikuzaliwa na wafanyabiashara wakubwa. Ilipovuma kwamba mchezo utasimamishwa, watazamaji waliandika barua kwa wingi, na mwaka 1968 ikatangazwa kwamba utaendelea. Ulipokoma mwaka uliofuata, hawakutawanyika. Mwezi Januari 1972 wapenzi wenyewe waliitisha mkutano katika hoteli moja mjini New York. Walitazamia watu mia chache. Wakaja zaidi ya 3,000. Roddenberry alihudhuria, mwandishi Isaac Asimov alihudhuria, na idara ya safari za anga ya Marekani, NASA, ilipeleka vifaa vya maonyesho. Hadhira iliyodhaniwa kuwa imekaa kimya mbele ya kioo ilikuwa imesimama na kusema.

Katika mikutano iliyofuata, mambo yalipata utaratibu unaojulikana hata leo. Waigizaji hupanda jukwaani wakajibu maswali. Wapenzi huvaa mavazi ya wahusika, tena mengi wameyashona wenyewe. Pembeni kuna meza za wauzaji. Kisha huja saa ya sahihi na picha. Katika mikutano mingi ya siku hizi sahihi ina bei yake na picha ina bei yake; mpenzi hufika mezani, husema maneno mawili matatu, na mlinzi humwashiria asogee.

Hapa ndipo uhakiki unapoanza. Kipindi cha kwanza cha Star Trek kuonyeshwa Marekani, tarehe 8 Septemba 1966, kilikuwa na kiumbe cha ajabu chenye uwezo wa kujibadili sura. Kila mtu alikiona katika umbo la yule ambaye moyo wake ulimtamani. Daktari alimwona mwanamke aliyempenda zamani. Uhura alimwona mwanamume mweusi aliyemsemesha kwa Kiswahili. Nacho kiumbe hicho kiliishi kwa kunyonya chumvi miilini mwa watu.

Kwa maoni yetu, hadithi hiyo ni fumbo zuri la mkutano wenyewe. Mwigizaji aketiye nyuma ya meza huonekana na kila ajaye katika sura ambayo ajaye ameileta moyoni. Huyu amemwona nahodha shujaa, yule amemwona mwalimu wa hekima. Lakini mbele yao ameketi mtu aliyechoka, mwenye maumivu ya mgongo na watoto nyumbani. Leonard Nimoy, aliyeigiza mhusika Spock, alitoa kitabu mwaka 1975 akakiita I Am Not Spock, maana yake 'Mimi si Spock'. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1995, alitoa kingine, I Am Spock, yaani 'Mimi ni Spock'. Majina hayo mawili yanatosha kutuonyesha uzito wa kinyago kilichogoma kuvuka.

Je, nani humnyonya nani? Wako wasemao mwigizaji hunyonya fedha za wapenzi. Tukumbuke kwamba waigizaji wa zama zile hawakuendelea kulipwa kila mchezo uliporudiwa kwa miaka mingi. Kwa wengine wao, mikutano ikawa njia ya riziki. Kwa hiyo kosa haliko katika kulipana. Sisi wenyewe tunamtunza mwimbaji wa taarabu. Lakini mtunzaji huinuka wimbo ukiendelea, na fedha yake ni jibu la ubeti uliomgusa. Sanaa na tuzo hukutana mahali pamoja. Foleni ya sahihi hununua ukaribu bila sanaa, na hapo ndipo tunapoona upungufu wake.

Hata hivyo, upo mkutano wa namna nyingine. Nichelle Nichols alisimulia mara nyingi kwamba baada ya mwaka wa kwanza alikusudia kuuacha mchezo. Katika hafla moja aliambiwa kuna mpenzi wake anayetaka kumwona. Alipogeuka, alimkuta Martin Luther King. Naye alimsihi asiondoke, kwa kuwa kupitia nafasi ile watu weusi walionekana katika wakati ujao wakiwa watu wenye cheo na akili. Nichols akabaki. Mpenzi huyu hakuomba sahihi. Alimkabidhi msanii dhima yake.

Dhima hiyo ilizaa matunda. Kuanzia mwaka 1977 Nichols aliifanyia NASA kazi ya kuwahamasisha wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Mwezi Septemba 1992 Mae Jemison alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, naye amesema waziwazi kwamba Uhura alimpa moyo tangu utotoni. Mwaka 1993 Jemison mwenyewe akaigiza katika kipindi kimoja cha Star Trek iliyofuata. Mtazamaji akawa mwigizaji, na lililokuwa igizo lilikuwa limekwisha kuwa kweli. Nichols alifariki mwaka 2022, na mlolongo huo haukufa naye.

Wahenga walisema kipendacho moyo ni dawa. Lakini dawa hupimwa kwa kumponya mgonjwa, si kwa uzuri wa chupa yake. Walimu wasiwacheke vijana wanaompenda mwigizaji, wala wasiwaache wapotee katika mapenzi hayo. Wawaulize: unachokipenda ni mtu huyu, au ni jambo alilolisimamia mchezoni? Kama ni jambo, basi mpenzi anaweza kulitenda hata asipomwona mwigizaji huyo maishani mwake.