Mahler wa Vienna, Januari 1938

Ni saa tisa usiku na usingizi umenikimbia. Nimetoka kuisikiliza, kwa mara yangu ya kwanza, Simfonia ya 9 ya Gustav Mahler iliyorekodiwa Vienna tarehe 16 Januari 1938, Bruno Walter akiongoza okestra ya Vienna Philharmonic mbele ya hadhira katika ukumbi wa Musikverein. Niliishije miaka yote hii bila kuisikia?

Walter ndiye aliyeiongoza simfonia hii kwa mara ya kwanza duniani, mji huohuo, mwaka 1912. Mahler alikuwa amekwisha kufa mwaka mmoja nyuma, kazi yake hii hakuisikia kamwe. Na hadi 1938 hakuna aliyekuwa ameirekodi. Ilitoka kwenye pande 20 za santuri. Kila baada ya dakika nne hivi msikilizaji ainuke akageuze!

Ndiyo, sauti ina mikwaruzo na watu wanakohoa. Dakika mbili tu, nikasahau. Chelo na pembe zinadokoa mdundo unaositasita, kinubi kinajibu, kisha fidla za pili zinaingia na wimbo mwororo kama pumzi ya aliyelala. Halafu sikiliza vidole! Vinateleza juu ya uzi, noti inaiburura nyingine, kama wafanyavyo wapiga fidla wetu wa taarabu. Okestra nyingi za leo zimeuacha mtelezo huo, na usiku huu naona tumepoteza kitu kikubwa. Baadaye mdundo uleule unaositasita unarudi, safari hii tromboni zikiupiga kwa nguvu zote. Nilishtuka nikasimama.

Sehemu ya pili ni ngoma ya kijijini, ya kupendeza, basi. Ya tatu inakwenda mbio hata wapigaji karibu wapotezane, na kusema kweli mahali pengine wanapotezana. Sijali hata kidogo. Afadhali vurugu hii yenye moto kuliko usafi uliopoa.

Lakini Adagio, sehemu ya mwisho, jamani, Adagio! Walter anaimaliza kwa dakika 18 na ushee. Leonard Bernstein, alipoiongoza Amsterdam mwaka 1985, alikaribia nusu saa. Nilidhani nitasikia haraka haraka, wimbo umebanwa. Sivyo kabisa! Bernstein anaomboleza; kwa Walter nyuzi zinaimba kwa kifua kilichojaa, kila sentensi inaivuta inayofuata, hakuna anayeililia kaburi mapema.

Na kwenye kiti cha mbele cha fidla ameketi Arnold Rosé, shemeji yake Mahler, kiongozi wa fidla hizo tangu 1881. Miezi miwili baadaye Wanazi waliitwaa Austria. Rosé, Myahudi, akaondolewa, akaishia London, akafia huko mwaka 1946. Binti yake Alma alifia Auschwitz mwaka 1944. Walter naye, Myahudi pia, hakuweza kurudi Vienna muda wote Wanazi walipoitawala. Siku ile ya Januari hakuna aliyeyajua hayo yote, nami nasikia watu wanaopiga muziki wa ndugu yao, wakiwa nyumbani kwao.

Ukurasa wa mwisho umebaki na nyuzi peke yake, zimezibwa sauti, zinafifia, zinafifia, hadi viola zinasogeza noti chache za mwisho. Nimeurudia mara tatu. Naurudia tena sasa hivi.