Ufa wa Filamu na Ufa wa Ardhi: Uhakiki wa San Andreas kwa Kuzingatia Hali ya Singida

Sehemu hii inahakiki usawiri wa tetemeko la ardhi katika filamu ya San Andreas (2015), iliyoongozwa na Brad Peyton, kwa kuulinganisha na hali halisi ya Bonde la Ufa. Mkoa wa Singida umetumiwa kuwa kigezo kwa sababu umo katika mkono wa mashariki wa bonde hilo. Mlima Sekenke wilayani Iramba na ukingo wa Kilimatinde wilayani Manyoni ni alama za ardhi iliyopasuka na kushuka. Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa filamu hii hauko katika kutia chumvi, bali katika mahali inapoweka chanzo cha kifo.

Chumvi yenyewe ni dhahiri. Filamu inasawiri tetemeko lenye ukubwa wa 9.6, ilhali kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, la Chile mwaka 1960, lilikuwa la 9.5. Aidha, barabara inaonyeshwa ikiwa imekatwa na korongo, ingawa pande za ufa wa San Andreas hupishana kando kwa kando, zikiwa zimebanana. Taswira hiyo ingelifaa zaidi Bonde la Ufa, ambako ardhi huachana kweli, lakini kwa milimita chache tu kwa mwaka. Hilo linasameheka, kwa kuwa sinema ina haki ya kufupisha wakati.

Lisilosameheka kwa urahisi ni msuko. Mwanasayansi Lawrence Hayes anatabiri janga. Ray Gaines, rubani wa helikopta ya uokoaji, anaiokoa familia yake. Tetemeko linapewa dalili, shujaa na hitimisho. Katika uhalisia, sayansi haijaweza kutaja siku wala saa ya tetemeko, na mtu wa kwanza kufika penye kifusi kwa kawaida ni jirani, si rubani.

Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 linathibitisha tofauti hiyo. Lilikuwa na ukubwa wa 5.9, nishati ya tetemeko la filamu ingelizidi hiyo kwa zaidi ya mara laki tatu. Hata hivyo, watu wasiopungua 16 walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Ardhi haikummeza mtu. Kuta za matofali zisizofungwa kwa nondo wala kwa mkanda wa zege ndizo zilizoanguka.

Funzo hilo linaihusu Singida moja kwa moja. Tembe, nyumba ya asili ya maeneo hayo, hubeba paa zito la udongo juu ya nguzo za miti. Nguzo zikioza au kuliwa na mchwa, uzito huo huwa hatari kwa waliomo. Nyumba ya matofali na bati ina paa jepesi, lakini kuta zilizounganishwa kwa tope hazihimili mtikisiko wa kando. Hivyo, ujenzi wa kisasa pekee si kinga.

Inaweza kudaiwa kwamba filamu ni burudani, na kwamba hii inaelimisha pia, kwa kuwa Hayes anawahimiza watu wajikinge chini ya meza. Dai hilo lina uzito, lakini ushauri huo unachukulia kwamba meza ipo na kwamba jengo litasimama. Kwa mtazamaji wa Manyoni, masharti yote mawili hayana uhakika.

Kwa jumla, San Andreas inamfundisha mtazamaji kuogopa kilicho chini ya miguu yake, ambacho hana uwezo nacho, na kusahau kilicho juu ya kichwa chake, ambacho anaweza kukirekebisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Singida hauzibiki. Kwa hiyo ukuta ndio unaopaswa kujengwa vizuri tangu mwanzo. Filamu ya maafa itakayosawiri Bonde la Ufa kwa uaminifu haina budi kuanzia kwa fundi mwashi, kabla ya rubani.