Robo Saa Mbele ya Karamu ya Mwisho

Ni nyumba chache za Wakristo katika nchi zetu hizi zisizokuwa na picha ya Karamu ya Mwisho. Aghalabu huwa imefumwa katika kitambaa chenye kung'aa, au imechapwa katika kalenda ya parokia, nayo hutundikwa juu ya kabati la vyombo, Yesu na mitume wake wakiwatazama wageni wanapokunywa chai. Kwa sababu ya mazoea hayo wengi wetu twadhani kwamba twaijua. Hata sisi walimu huionyesha darasani kwa kidole, tukasema "hii ni ya Leonardo da Vinci," kisha tukapita. Makala haya yanataka kumsimamisha kidogo mwalimu huyo, na njia ya kumsimamisha ni kumwuliza swali lisilo la sanaa: kwa nini tiketi ya kuiona picha hiyo ni adimu kiasi hicho?

Picha yenyewe si kitambaa wala turubai. Ni ukuta. Leonardo aliichora baina ya 1495 na 1498 hivi, kwa kuagizwa na Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, katika ukumbi wa kulia chakula wa watawa Wadominiko wa Santa Maria delle Grazie. Upana wake unakaribia mita 9, na kimo chake ni mita 4 na nusu hivi. Anayetaka kuiona siku hizi hana budi kuwa na tiketi iliyowekwa mapema, yenye siku yake na saa yake. Huingizwa pamoja na kikundi kisichozidi watu 40, akapitishwa katika vyumba vya milango inayofunguka mmoja baada ya mwingine, ili vumbi na unyevu visiingie pamoja naye. Kisha hupewa dakika 15, akatoka. Tiketi hutolewa kwa mafungu, za miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja, nazo huisha upesi. Hata Jumapili ya kwanza ya mwezi, ambapo kiingilio ni bure, asiyejiandikisha haingii.

Sisi wa Uganda tumefunzwa kuushuku uhaba wa namna hii. Katika miaka ya 1970, sukari na sabuni zilipoadimika, neno "magendo" lilikaa kinywani mwa kila mtu, hata mwa wale waliojitapa kwamba Kiswahili hawakijui. Tulijua kwamba kikikosekana dukani hakikosi uchochoroni. Shuku hiyo ni mali ya mhakiki, wala simshauri mtu kuitupa. Walakini mbele ya ukuta huu yafaa tutenge uhaba wenyewe na namna unavyogawiwa.

Uhaba wenyewe ni wa kweli, na aliyeuleta ni Leonardo. Desturi ya mafundi wa Italia ilikuwa kupaka rangi juu ya chokaa ingali mbichi, ili rangi na ukuta vikauke kuwa kitu kimoja. Kazi hiyo hudai haraka, kwa maana chokaa haimngoji mtu. Leonardo hakutaka kuharakishwa. Alipaka juu ya ukuta mkavu, apate kurudi, kufikiri, kufuta na kuongeza. Matokeo yake ni kwamba rangi haikushika sawasawa, ikaanza kubambuka angali hai. Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi: mwaka 1652 ulitobolewa mlango chini ya picha, miguu ya Yesu ikapotea, askari wa Napoleon waliutumia ukumbi kuwa zizi la farasi, na Agosti 1943 bomu liliubomoa ukumbi, ukuta wa picha ukasalimika nyuma ya mifuko ya mchanga. Ukarabati wa mwisho, ulioongozwa na Pinin Brambilla Barcilon, ulichukua miaka kama 20 hadi 1999. Kitu kilichopita katika hayo yote hakiwezi kupumuliwa na umati kutwa nzima.

Lakini polepole hiyo iliyouharibu ukuta ndiyo iliyoleta uzuri wake. Yesu amekwisha kusema kwamba mmoja wao atamsaliti, na neno hilo linasambaa mezani kama wimbi. Mitume wanagawanyika watatu watatu, kila mmoja akilipokea kwa mikono yake. Tomaso ainua kidole. Petro ashika kisu huku akimwinamia Yohana. Yuda, mkono ukiwa umekaza mfuko, arudi nyuma kidogo, na hapo uso wake waingia kivulini. Fundi mwenye haraka angalimtenga Yuda peke yake upande wa pili wa meza, kama walivyofanya wengi kabla yake.

Mkabala na picha hiyo, ukuta wa pili una Kusulubiwa kwa Yesu, kazi ya Montorfano ya mwaka 1495, iliyopakwa juu ya chokaa mbichi kwa kufuata kanuni. Imedumu vizuri zaidi. Hakuna apiganiaye tiketi kwa ajili yake, na wengi huipa kisogo kwa sehemu kubwa ya dakika zao 15.

Katika ugawaji sifa zangu zinakoma. Kiingilio rasmi si kikubwa; lakini tiketi zikiisha kwa bei hiyo, hupatikana kwa mawakala, zimefungwa pamoja na matembezi ya mji na kuuzwa kwa bei maradufu. Je, huu ni ulanguzi? Anayemweleza mgeni kile akionacho amefanya kazi, naye astahili ujira. Ambaye hakuongeza kitu ila kule kuwahi foleni ni mlanguzi, hata akiwa na ofisi yenye zulia. Tena kwa mwalimu wa Mbarara au Gitega kuna mlango mwingine kabla ya ile ya ukumbini, nao ni viza. Haruhusiwi kuiomba zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Akinunua tiketi kwanza, huenda akanyimwa viza. Akingoja viza, tiketi zimekwisha. UNESCO iliitia picha hii pamoja na utawa wake katika Urithi wa Dunia mwaka 1980.

Turudi basi kwenye kitambaa chetu cha ukutani. Mara nyingi rangi zake ni kali, na Yesu ana miguu. Wajuzi hucheka. Wasicheke upesi, maana miguu hiyo haikubuniwa na mfumaji. Imo katika nakala za kale zilizochorwa kabla mlango haujatobolewa, mojawapo ikiwa ile ya Giampietrino ya mwaka 1520 hivi, mali ya Royal Academy ya London. Humo waonekana pia mkono wa Yuda ukiwa umepindua chombo cha chumvi, jambo ambalo ukutani limefifia. Niliweka kitambaa cha jirani kando ya picha ya ukuta ilivyopigwa baada ya 1999, nikawaambia wanafunzi wa kidato cha pili waandike kila tofauti waionayo. Walichukua vipindi viwili, na juu ya uso wa Yuda hawakuafikiana.