Kiswahili cha Mezani na Ukimya wa Seva: Tahakiki ya Lugha ya Mfumo Endeshi

Mara nyingi imedaiwa kwamba Kiswahili kimekwisha kuingia katika kompyuta, na kwamba kazi iliyosalia ni ya kuongeza istilahi tu. Dai hili ni kweli nusu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu iliyozungumza Kiswahili. Haikuchukua muda mrefu kampuni ya Microsoft nayo ikaivisha Windows lugha hiyo hiyo. Lakini kazi hizo zote zilikuwa za kompyuta ya mezani, yaani ile anayoiona karani. Mfumo endeshi wa seva haukupata bahati hiyo. Windows Server hutolewa kwa Kipolandi, Kihungari, Kituruki na Kijapani, Kiswahili hakimo.

Yafaa ifafanuliwe seva ni kitu gani. Ni kompyuta inayotunza kumbukumbu za shughuli nzima na kuyajibu maombi ya kompyuta nyingine. Mfumo wake endeshi ndio unaoamua nani ajibiwe, kwa zamu ipi, na kwa idhini ya nani. Basi Kiswahili kimeruhusiwa barazani, nacho kikazuiwa katika chumba ambamo uamuzi hupitishwa. Hili si jambo la fani peke yake. Ni la maudhui pia, kwa maana linahusu mamlaka.

Mahali pazuri pa kuipima hoja hii ni Modogashe, mji mdogo wa Kaunti ya Garissa, mahali barabara zitokazo Isiolo, Garissa na Wajir zinapokutana. Wenyeji wengi hapo husema Kisomali majumbani mwao, na upande wa Isiolo wako majirani wasemao Kiborana. Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya ofisini, lugha ambayo watu wa makabila mbalimbali huitumia kuafikiana bei na masharti. Neno la Kiswahili lisiloeleweka Modogashe halijafanya kazi ya Kiswahili.

Wala isidhaniwe kwamba seva ni anasa ya miji mikubwa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kila mfugaji aliyepokea fedha za mbuzi wake kwa simu alikuwa akihudumiwa na seva; na hadi mwaka 2015, zilipohamishiwa Kenya, seva hizo zilikuwa Ujerumani. Ndiyo au hapana ya duka la Modogashe ilikuwa ikitoka Ulaya, na aliyeipokea hakuwa na neno la kukitajia kile kilichomjibu. Siku hizi mfanyabiashara anatakiwa pia na Mamlaka ya Mapato ya Kenya atoe ankara kwa mfumo wa eTIMS. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya namna hiyo haikubaliwi, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria, wakati wa kukokotoa kodi. Mwenye duka la jumla anayetaka kumbukumbu zake mwenyewe zilingane na za serikali hujikuta akishauriwa anunue seva, na pamoja nayo mfumo endeshi. Hapo ndipo lugha inapomsaliti.

Lichukuliwe kwanza neno “mteja”. Katika lugha ya fani hii, mteja ni kompyuta au mtu anayeiomba seva huduma. Windows Server ya kawaida hudai leseni ya mashine yenyewe na, mbali na hiyo, leseni ya kila mtumiaji au kila kifaa kinachoifikia. Ikiwa leseni hii ya pili itatafsiriwa neno kwa neno kuwa “leseni ya mteja”, mwenye duka ataelewa kwamba wanunuzi wake wa sukari na unga wanatakiwa kulipiwa leseni. Atastaajabu, na atakuwa na haki ya kustaajabu, kwa sababu katika Kiswahili mteja ni anayekuja dukani na fedha mkononi. Katika mkataba huu anayelipa ni mwenye duka, na “wateja” ni makarani wake mwenyewe. Neno “mwombaji”, au hata “mtumiaji” tu, lingemweleza ukweli huo bila kumpotosha.

Neno la pili ni zito zaidi, nalo ni “msaada”. Kampuni inapoacha kuutengeneza mfumo wake husemwa kwamba “msaada umekwisha”. Windows Server 2012, kwa mfano, ilifikishwa mwisho huo tarehe 10 Oktoba 2023; tangu siku hiyo, kasoro zinazogunduliwa na wezi hazizibwi tena bure. Katika nchi kavu ya Garissa, ambako ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliangusha misimu mitano ya mvua mfululizo, neno msaada lina maana yake mahususi: ni chakula cha njaa, kitolewacho kwa huruma, ambacho anayekipokea hana haki ya kukidai. Kumwambia mfanyabiashara kwamba msaada wa seva yake umekwisha ni kumwambia kwamba wafadhili wameondoka, naye hana la kufanya ila kusubiri. Ukweli ni kinyume chake. Alichokuwa nacho ni matengenezo, aliyoyalipia ndani ya bei ya leseni, na yaliyokuwa na tarehe ya mwisho inayojulikana tangu awali. Angaliambiwa “matengenezo”, angaliuliza siku ya kununua: ya miaka mingapi? Lugha ya hisani humnyima mnunuzi swali hilo.

Upande wa pili wako watetezi wa mifumo huria, waaminio kwamba Linux ndiyo jibu. Wana hoja. Ubuntu, iliyotoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, haina ada ya leseni, na matoleo yake ya muda mrefu hutengenezwa bure kwa miaka mitano. Jina lenyewe ni la Kibantu, ndugu wa neno “utu”. Hata hivyo jina si lugha. Aliyevutwa na utu wa mlangoni atakuta ndani amri kama chmod na chown, vifupisho vya Kiingereza ambavyo hata Mwingereza wa kawaida havimwelei. Huria ya bei haikuleta huria ya ufahamu.

Na lile neno kuu, “seva”? Wako wapendao liitwe “mtumishi”. Tafsiri hiyo ni sahihi kikamusi na potofu kimaana. Mtumishi hutumwa, akatii. Seva huombwa, ikapima, ikakubali au ikakataa. Afadhali mkopo usiosema kitu kuliko neno la asili linalosema uongo. Lakini mkopo nao unahitaji kufafanuliwa kwa picha, na picha hiyo haina haja ya kuagizwa kutoka ng’ambo.

Miongoni mwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, kisima kirefu kina mwenyewe, ambaye ukoo wake ulikichimba, na kina pia msimamizi wa zamu, abba herega, apangaye kila siku ni mifugo ya nani itangulie kunyweshwa na ya nani ifuate. Wenye mifugo hawampi amri, humwomba zamu. Katika mifumo ya jamii ya Unix, iliyoanza mwaka 1969, kila faili huwekewa ruhusa kwa mafungu matatu: mwenyewe, kundi lake, na wengine. Mtu aliyewahi kungoja zamu kisimani hahitaji kufundishwa mgawanyo huu. Anahitaji kuambiwa tu kwamba ndio huo. Modogashe yenyewe imelipa jina lake Azimio la Modogashe la mwaka 2001, ambamo wawakilishi wa wilaya za kaskazini waliafikiana, pamoja na mengine, kwamba anayetaka kuhamishia mifugo yake katika malisho ya wengine aombe kwanza idhini. Watu walioweza kulijadili suala hilo hadi mapatano hawawezi kusemwa kwamba mambo ya idhini na zamu yamewazidi kimo.

Yawezekana mhakiki mwingine akapinga kwamba mfano huu unakipamba kisima kupita kiasi, kwa sababu visimani watu wamepigana na kuuana. Pingamizi hilo ni la haki, nalo laongeza hoja badala ya kuipunguza. Ugomvi wa kisimani hutokea hadharani, na kila mmoja anamjua aliyemnyima. Seva hunyima bila sura. Isitoshe, kisimani msafiri mwenye kiu hupewa maji ya kunywa hata akiwa mgeni. Katika faili, aliye katika fungu la “wengine”, akikosa ruhusa, hapewi hata tone. Mfano mzuri hauonyeshi mfanano tu. Huonyesha pia mahali mashine inapopungukiwa na utu, ili mwenye mashine ajue ni wapi yeye mwenyewe anapaswa kuingilia.

Kwa hiyo wanaounda istilahi wanapaswa kuibadili njia yao. Hawana budi kuanza na karatasi anayotia sahihi mfanyabiashara: leseni, tarehe ya mwisho wa matengenezo, na jina la mtu atakayeshika nywila kuu ya seva. Mambo hayo matatu yaandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka sokoni, kisha yapelekwe Modogashe na miji ya namna yake yakasomwe na wafanyabiashara wenyewe kabla ya kuingizwa kamusini. Neno litakalomwezesha mwenye duka kuuliza “nywila kuu inashikwa na nani?” ndilo lipitishwe, hata kama ni la mkopo; na litakalomfanya aitikie tu liachwe, hata kama mizizi yake ni ya Kibantu.