Shajara ya Mkimbiaji wa Makamo: Tawasifu au Habari za Safari?

Fasihi ya Kiswahili haikupungukiwa na maandishi ambamo mtu hujieleza mwenyewe, lakini uhakiki umeyapa maandishi hayo mizani moja tu. Kila andiko ambalo msemaji wake ni "mimi" huitwa tawasifu, hupimwa kwa kipimo cha Maisha Yangu ya Shaaban Robert, kisha huonekana pungufu. Miongoni mwa maandishi yanayodhulumiwa na mizani hiyo ni shajara ya mtu wa makamo aliyerudia mbio. Huyu ni mtu aliyekimbia alipokuwa mwanafunzi, akaacha kwa miaka ishirini au thelathini kwa ajili ya kazi na watoto, kisha akafunga tena kamba za viatu, na kila arudipo nyumbani huandika mistari michache. Neno shajara lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya kwanza ni mti, na hata mti wa nasaba. Si vibaya kulikumbuka hilo, kwani mti hukua bila kujua utafika wapi.

Miji iliyouzunguka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua ni mahali pazuri pa kulichunguza suala hili. Chukua Kangari, mji mdogo wa Kigumo katika Kaunti ya Murang'a, uliozungukwa na mashamba ya chai. Barabara zake hupanda na kushuka. Hapana tambarare ya kumhurumia mtu wa miaka arobaini na minane. Mtu huyo akitoka alfajiri hukutana na wachumaji chai wakielekea mashambani na vikapu vyao, na hapo ndipo ugumu wa maandishi yake unapoanza, hata kabla ya ugumu wa kilima. Katika sehemu hizi mbio zina maana iliyokwisha kukaa: ni shughuli ya vijana, nayo ni kazi. Catherine Ndereba, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1972, alikuwa mtumishi wa Idara ya Magereza. Alipata mtoto mwaka 1997, akarudi barabarani, na mwaka 2001 huko Chicago akaweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Akashinda Boston mara nne, na ubingwa wa dunia mwaka 2003 na 2007. Kurudi kwake kulikuwa kurudi kazini, na jirani yeyote alikuelewa. Hata Kenneth Mungara, kinyozi aliyeanza mbio akiwa amepita miaka thelathini, na ambaye mwaka 2015 akiwa na miaka 41 alishinda marathoni ya Gold Coast, Australia, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 42, hakuwashangaza watu kwa lengo lake. Aliwashangaza kwa umri wake tu. Karani au mwalimu wa Kangari hana zawadi inayomngoja. Basi jirani huuliza: anamkimbia nani?

Swali hilo ni la mzaha, lakini ni swali la lugha pia, na mhakiki hana ruhusa ya kulipita. Kiswahili husema kukimbia kwa mambo mawili: kwenda mbio, na kuepuka hatari. Kutokana na kitenzi hicho kimoja tumepata mkimbiaji na mkimbizi. Kikuyu, ambacho ndicho lugha ya nyumbani ya watu wengi wa Kangari, huyatenga mambo hayo: kũhanyũka ni kwenda mbio, na kũũra ni kutoroka na hata kupotea. Mwandishi wa huko anayechagua kuandika shajara yake kwa Kiswahili anapokea maana mbili ambazo lugha ya mama yake ilikuwa imemtenganishia. Tena anaipokea mahali penye kumbukumbu. Wakati wa Hali ya Hatari, tangu 1952 hadi mwanzo wa 1960, misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya ilipigwa marufuku, na mtu aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi pasipo kuulizwa jina. Mzee ambaye utoto wake ulikuwa katika miaka ile hawezi kumwona mtu mzima akienda mbio ukingoni mwa msitu kabla ya mapambazuko bila moyo wake kushtuka kidogo. Mwandishi mwepesi atatumia neno kukimbia mara mia bila kulisikia. Mwandishi mwenye sikio atajua lini aseme amekimbia, lini aseme amekwenda mbio, na lini akiri kwamba asubuhi hiyo alikuwa akimkimbia mtu, hata kama mtu huyo ni daktari aliyempima shinikizo la damu.

Wahakiki waliolelewa katika nadharia ya uhalisi wa kijamii watakuwa na pingamizi nzito zaidi. Watasema kwamba mbio za kujifurahisha ni za tabaka lenye mshahara na wakati wa kupoteza. Kwamba mchumaji chai ameshapanda na kushuka vilima vile siku nzima na hahitaji mazoezi. Na kwamba shajara inayohesabu mapigo ya moyo wa mtu mmoja ni ubinafsi uliovaa raba. Pingamizi hii ina ukweli, na haifai kujibiwa kwa hasira. Jawabu lake limo ndani ya maandishi yenyewe. Mkimbiaji wa Kangari humwona mchumaji chai kila siku, saa ile ile, katika kona ile ile. Akiandika mwaka mzima bila kumtaja, shajara yake imesema uongo, hata kama kila kilomita imehesabiwa kwa haki. Akimtaja mara moja kwa huruma ya juu juu, amefanya vibaya zaidi. Lakini akiandika kwamba mwezi wa kwanza walimcheka, mwezi wa tatu wakaacha kumcheka, na mwezi wa sita mmoja wao akamwuliza mbona jana hakupita, hapo uhusiano wa matabaka mawili umeonyeshwa bila hotuba. Wala haukuundwa na fundi wa riwaya. Umeletwa na tarehe. Hili ni jambo ambalo tawasifu hulifanya kwa shida sana.

Sababu yake ni umbo. Tawasifu huandikwa kutoka mwisho. Mwandishi ameshafika, anageuka, na anapanga yaliyopita ili yaelekee pale aliposimama. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, aliyaita maandishi yake ya baadaye Baada ya Miaka Hamsini, na jina hilo peke yake latangaza mahali pa kusimama: kilimani, nyuma pakiwa peupe. Ni heshima kubwa ya nathari yetu, ila pia ni chanzo cha tabia ambayo waigaji wake hawakuiacha, yaani ile ya kila tukio kuzaa wasia. Shajara haina kilima hicho. Mtu anayeandika Jumanne hajui kama Alhamisi goti litakubali.

Kwa hiyo nasaba ya shajara ya mbio katika Kiswahili haina budi kutafutwa kwingine, nayo ipo. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa huko Ujerumani mkusanyo ulioitwa Safari za Wasuaheli, wenye habari za watu kama Selemani bin Mwenye Chande, aliyeeleza safari yake ya bara, na Salim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896. Wasimulizi hao waliandika kwa kuombwa na mtumishi wa dola ya kikoloni, na mhakiki asilisahau hilo. Hata hivyo, umbo walilolitumia lilikuwa la nyumbani: tukaondoka, tukalala mahali fulani, maji yakawa haba, tukaenda siku kadha wa kadha, tukafika. Sentensi ni fupi, viungo vyake ni ki na ka, na hesabu ya siku ndiyo uti wa mgongo. Msimulizi hasimami kueleza maana ya njaa. Anasema walikula nini. Ukiweka ukurasa wa namna hiyo kando ya shajara njema ya mkimbiaji, udugu wao unaonekana bila kulazimishwa. Zote mbili hupima dunia kwa mwili unaotembea, zote mbili huamini kwamba masafa, maji na mapumziko ni habari, na zote mbili hujaa marudio. Msomaji anayelalamika kwamba shajara ya mbio ni "tarakimu tupu" atalazimika kuwalalamikia wasafiri wale pia, na hapo pengine ataona haya.

Sehemu za Nyeri zina mfano wao wenyewe wa shajara, tena mkuu kuliko wote, ingawa ni wa Kikuyu na hauna uhusiano na michezo. Gakaara wa Wanjaũ, aliyezaliwa mwaka 1921 na ambaye kwa miaka mingi alichapa vitabu vyake Karatina, alikamatwa Oktoba 1952 na kuzuiliwa kwa miaka mingi. Mojawapo ya kambi alizowekwa ilikuwa Kisiwa cha Manda, jirani na Lamu. Kumbukumbu alizoandika humo zilitolewa mwaka 1983 kwa jina la Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, na mwaka uliofuata zikapata Tuzo ya Noma. Kulinganisha mateso ya kambi na maumivu ya misuli ya mtu aliyejipangia saa ya kutoka nyumbani ni kejeli, na halitafanywa hapa. Linalofaa kuchukuliwa ni fani. Gakaara aliandika kazi, chakula, mahojiano, na barua za nyumbani, siku kwa siku, pasipo kujua kama angeachiliwa. Nguvu ya kitabu chake imo katika kutojua huko. Angeliandika yote upya kwa moyo wa mtu huru, pengine tungepata tawasifu nzuri, na tungepoteza ile hofu ndogo ya kila tarehe. Alikwisha kuonyesha, umbali mfupi tu kutoka Kangari, kwamba mwandikaji wa tarehe ni mwandishi.

Kuhusu mbio zenyewe, maandishi ya watu wa makamo yaliyo mashuhuri ni ya Kiingereza. George Sheehan, daktari wa moyo wa New Jersey aliyezaliwa mwaka 1918, alikimbia akiwa chuoni, akaacha, akarudi mwaka 1963 akiwa na miaka 45 hivi. Baadaye akaandika safu ya kila juma katika gazeti la mji wake. Mwaka 1969, akiwa na miaka 50, alikimbia maili moja chini ya dakika 5. Kitabu chake Running & Being cha mwaka 1978 kilisomwa sana, lakini humo daktari ameshakuwa mwanafalsafa, naye huwaita wakubwa wa kale kila kona ili wamshuhudie. Maandishi yake ya mwisho, alipokuwa akiugua saratani iliyomuua mwaka 1993, yana ubora mwingine: hakuwa tena na mahali pa kusimama.

Mfano wa Kenya ni Henry Rono, Mnandi, ambaye mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81, ambaye migomo ya 1976 na 1980 ilimnyima Olimpiki, na ambaye pombe ilimpokonya karibu vyote vilivyobaki. Akiwa na zaidi ya miaka hamsini, huko Marekani, alirudi mazoezini akilenga rekodi ya maili ya watu wa miaka 55. Kitabu chake Olympic Dream kilitoka mwaka 2007, mwaka ule ule aliotimiza umri huo. Jambo hili lapasa kuangaliwa vizuri. Sehemu ya ujana wake katika maisha hayo ina mwisho unaojulikana, na kila msomaji aliujua kabla ya kufungua kitabu. Kurudi kwake kwenye mbio hakukuwa na mwisho. Rekodi hiyo hakuipata; alifariki mwaka 2024, baada ya kurejea Kenya. Mwaka 2007 hayo yote yalikuwa bado, na tawasifu iliyolazimika kufungwa kabla ya habari kwisha inadai, kwa kila hali, isomwe kama shajara.

Basi shajara ya namna hii ipimwe kwa nini? Tuseme mtu wa Kangari ameandika: "Jumatano. Kilomita nne. Nilitembea kilima cha pili. Umande." Juma linalofuata: "Jumatano. Kilomita nne. Kilima cha pili sikutembea." Sentensi hiyo ya pili haina tamathali wala kivumishi, lakini imebeba juma zima la kazi, na imebeba kwa sababu ya ile ya kwanza. Marudio hapa yanafanya kazi ya mizani katika ushairi: sikio likishazoea, badiliko dogo husikika. Mwandishi akiongeza kwamba alijisikia mshindi, ameharibu. Hatari kubwa ya fani hii ndiyo hiyo, yaani mkimbiaji kugeuka mhubiri wa afya, akatafsiri misemo ya matangazo ya viatu na kuwahimiza wasomaji waamke mapema. Kiswahili, kwa wingi wa waadhi wake, humrahisishia mno kazi hiyo.

Limebaki suala la mhariri. Shajara ya mtu wa makamo ina mapengo: mafua, mazishi, mvua ya Aprili, mwezi wa karo za shule, majuma mawili ya uvivu usio na udhuru. Mchapishaji wa kawaida atayaondoa ili kitabu kiende mbio kuliko mwenyewe alivyokwenda. Afadhali tarehe zichapwe zote, hata zisizo na neno, kila moja kwenye mstari wake, ili msomaji naye apite mahali ambapo mwandishi hakupita.