Kuta za Mji na Macho ya Mkristo

Katika Matendo ya Mitume sura ya 17, Mtume Paulo yuko Athene akiwasubiri Sila na Timotheo. Luka anatuambia mambo mawili juu yake. La kwanza, roho yake iliumia kuona jinsi mji ule ulivyojaa sanamu. La pili, alipita huko na huko akiyatazama mambo ya ibada yao kwa makini, hata akasoma maandishi yaliyokuwa juu ya madhabahu moja. La kwanza tumelihubiri mara nyingi. La pili tumelisahau, ingawa ndilo lililompa Paulo neno la kuanzia aliposimama Areopago. Kama angepita amefumba macho kwa hasira, asingeiona madhabahu ya Mungu asiyejulikana.

Mji ninaoutumikia ni Dar es Salaam. Wengi wetu tunaupita kila siku ndani ya daladala au mwendokasi, tukidhani kwamba sanaa ni mambo ya makumbusho, ya watalii, au ya vijana waliokosa kazi. Katika makala hii nawaalika washarika tuupite mji wetu kama Paulo alivyoupita ule wa Athene. Tukishatazama, tupime, kwa maana anayesifu kila kitu hajatazama.

Tuanze na kuta za kawaida kabisa. Saluni ina kichwa cha mwanamke aliyesukwa. Bucha ina ng'ombe. Fundi cherehani amechorewa cherehani. Aliyechora hatumwiti msanii. Tunamwita fundi wa mabango, tunamlipa kwa kupatana bei, na jina lake hatulijui. Lakini tazama kazi yake. Herufi amezipanga kwa jicho, akazitia kivuli cha rangi ya pili ili zionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Hata asiyejua kusoma anafahamu pa kunyolea. Luther alitufundisha kwamba wito wa Mungu haukomei kwa mapadre na watawa, na kwamba fundi viatu anamtumikia Mungu anapomshonea jirani kiatu kizuri. Kwa kipimo hicho, fundi wa mabango ana wito. Siku hizi bango la kuchapwa kwa mashine linamwondoa taratibu, nasi tunapoteza mkono wa mtu mtaani pasipo kujua.

Kisha kanga. Kila mama anajua kwamba kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo linazunguka, mji ni sehemu ya katikati, na jina ni maneno yaliyochapwa chini ya mji. Mbunifu wa kanga anafahamu jambo ambalo wahubiri wengi hatujalifahamu: picha na neno vinasaidiana, na neno fupi lililowekwa mahali pake linakumbukwa kuliko hotuba. Sasa linganisha na vitenge tunavyochapisha kwa ajili ya jubilei na mikutano ya kanisa. Mara nyingi tunachukua nembo, tunaitawanya juu ya kitambaa bila mpango, tunaongeza mwaka na aya ya Biblia kwa herufi ndogo, basi. Nembo inaangukia mgongoni, aya inaangukia kwenye mshono. Mama zetu wanavaa kwa sababu wanalipenda kanisa lao. Wanastahili kazi bora kuliko hiyo.

Sanaa iliyoutangaza mji huu duniani ni ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka kusini, Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hakusoma chuo cha sanaa. Alichora juu ya vipande vya hadibodi vya mraba kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile wanayopaka baiskeli, na akaviuza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mnyama mmoja mkubwa, mandharinyuma ya rangi moja, mistari iliyo wazi: ndiyo ilikuwa mbinu yake. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mwizi, akafa. Alichora kwa miaka minne hivi tu, lakini jamaa zake aliowafundisha waliendelea, na leo kuna chama cha ushirika chenye jina lake.

Napenda picha hizo, na kwa sababu nazipenda nitasema linaloniuma. Katika zile za mwanzo chui anakutazama kama aliyekuona kwanza, na wewe unarudi nyuma hatua moja. Katika nyingi zinazouzwa leo, twiga ni yuleyule, mlima ni uleule, na mbuyu ni uleule, mara mia. Siwalaumu wachoraji. Wana watoto wa kusomesha, na mgeni anataka twiga. Lakini tofauti ya mtu aliyetazama na mtu anayenakili inaonekana kwa macho, na tutaihitaji tofauti hiyo tutakapofika kanisani.

Wazee wengi hawaipendi grafiti, yaani maandishi na michoro ya rangi ya kupuliza. Hapa Dar es Salaam liko kundi la vijana wanaojiita Wachata. Neno chata kila mtu analijua: ni alama ya kutambulisha kitu ni cha nani. Mzee anayesimama mbele ya maandishi yao hawezi kuyasoma, anaona vurugu. Akikaa kidogo ataona kwamba kila herufi imefungwa na jirani yake, na hakuna nafasi iliyobaki bure. Ni kazi ya nidhamu. Udhaifu wa sanaa hii, hapa na kwingineko, ni kwamba ukuta mzima unaweza kutangaza jina la mchoraji tu, kwa mtindo uliozaliwa New York. Inakuwa na nguvu pale kijana anapomchora mtu asiyechorwa na yeyote, mvuvi au mama ntilie, uso wake ukawa mkubwa kama bango la soda. Hapo mpita njia analazimika kumtazama mtu ambaye kila siku anampita. Bwana wetu alifanya hivyo alipowaita wanafunzi wake wamtazame mjane na senti zake mbili.

Anayetaka kuona zaidi aende Mikocheni, kwenye eneo la viwanda vidogo, penye Nafasi Art Space. Tangu mwaka 2008 wachoraji na wachongaji wanafanya kazi pale na kuonyesha kazi zao. Nenda na mtoto wako, uliza maswali. Kazi nyingine hutazielewa, nyingine hazitakupendeza. Hata hivyo utakutana na watu wanaouliza juu ya kifo, ardhi, mama na Mungu, tena kwa bidii kuliko wengi walio ndani ya ibada.

Najua mshirika mmoja atauliza: vipi kuhusu sanamu za kuchonga katika Kutoka 20? Swali hilo lilimkuta Luther mwenyewe. Alipokuwa amefichwa Wartburg, wenzake Wittenberg walianza kuondoa picha makanisani kwa nguvu. Mwezi Machi 1522 alirudi akahubiri siku nane mfululizo kuwatuliza. Alisema kwamba picha hazina amri ya kuwapo wala ya kuvunjwa. Shida ni moyo unaozitegemea, na moyo hauponywi kwa nyundo. Miaka michache baadaye aliandika kwamba angetamani wenye uwezo wachore habari za Biblia kwenye nyumba zao, ndani na nje, watu wote wazione. Naye Hezekia alipoivunja nyoka ya shaba, aliivunja kwa sababu watu walikuwa wakiifukizia uvumba. Wakati wa Musa ilikuwa imewaponya. Tukumbuke pia Bezaleli. Mungu alimjaza Roho wake ili achonge, afue dhahabu na kukata vito.

Basi tuingie kanisani. Tunakuta vigae vinavyong'aa, mapazia, maua ya plastiki, na labda picha ya dukani ya Yesu mwenye macho ya buluu, nakala ya nakala. Huyo ndiye twiga wetu wa watalii. Kumpaka rangi nyeusi Yesu yuleyule, katika mkao uleule, hakutatusaidia pia, kwa sababu bado hakuna aliyetazama.

Mfano wa aliyetazama tunao, tena kutoka kwetu. Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, na kusomea sanaa Makerere, alichora kuta za kanisa la Kianglikana huko Murang'a, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kanisa hilo lilijengwa kwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Alichora kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, Karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa, na akayaweka yote katika nchi ya Wagikuyu, miongoni mwa watu wake. Fikiria waliokuja kuabudu pale. Walikuwa wamezika ndugu zao karibuni, na majirani walikuwa wamesimama pande mbili za vita. Wakainua macho wakamwona Kristo akiteseka katika vilima vyao wenyewe. Mahubiri ya namna hiyo hayaishi saa ya ibada ikiisha. Mwaka 1965 Njau alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa, nyumba ya sanaa ya Nairobi, ambapo alisisitiza kwamba kunakili ni kukikataa kipawa ambacho Muumba amempa mtu.

Katika madarasa yetu ya Kipaimara wapo watoto wanaochora pembezoni mwa daftari wakati sisi tunafundisha Katekisimu. Tunawakemea. Kampuni ya simu itawapa ukuta, na kiwanda cha bia kitawapa ukuta. Kanisa lililobatiza mikono hiyo halijawapa hata ubao wa matangazo.

Baraza la wazee litakapoketi kupanga ukarabati, pamoja na hesabu ya vigae naomba liulize maswali mawili. Ni nani kati ya vijana wetu anayejua kuchora? Na ukuta upi utakuwa wake? Tumlipe kwa haki, tusome naye maandiko kabla hajashika brashi, tena tumwache atazame kwa macho yake mwenyewe: mtaa wetu, nyuso zetu, na Kristo aliye katikati yetu.